Manahodha Wengi wa Bonde la Rufiji: Historia ya Huduma kutoka Kibiti hadi Ngorongo

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, ukapita Mbagala na Mkuranga, unafika Kibiti. Lami inaendelea kusini kwenda Ikwiriri, Daraja la Mkapa, Lindi na Mtwara. Msafiri wa Ngorongo anaachana na lami hiyo na kushika njia ya magharibi. Anapita Mkongo, Mto Rufiji ukiwa mkono wake wa kushoto, na akiipita Ngorongo atafika Mloka, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Makao makuu ya wilaya ya Rufiji, ambamo Ngorongo imo, yako Utete, ng'ambo ya mto.

Kwa zaidi ya miaka 100, watawala wa nchi hii wameleta mipango mikubwa katika Bonde la Rufiji: vijiji vipya, daraja, mabomba ya gesi, nyaya za simu na umeme, na hatimaye bwawa kubwa kuliko yote nchini. Kila mpango ulikuja na mwenyewe, fungu lake la fedha na kalenda yake. Mara chache tu alipatikana mtu au chombo chenye kauli ya kusema hiki kitangulie na kile kisubiri. Simulizi hii inafuata kauli hiyo: ilikuwa mikononi mwa nani, ilipotea lini, na ilirudi kwa ajili ya nani.

Mto ulipopanga wenyewe

Kabla ya ofisi yoyote kupanga, mto ulipanga. Warufiji walilima kwa kufuata mafuriko. Mpunga ulipandwa mvua zikianza, ukakua pamoja na maji yaliyopanda bondeni. Maji yaliposhuka na kuacha tope lenye unyevu, ulianza msimu wa mlao: mahindi, kunde na, tangu enzi za ukoloni, pamba. Watu waliishi karibu na mashamba yao. Wengi walijenga dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya miti, ili maji yapite chini na mwenye nyumba aweze kulinda mazao yake dhidi ya nguruwe, nyani na viboko. Maji ya kunywa yalikuwa mtoni, njia kuu ilikuwa mtumbwi, na hakuna aliyemdai mwenzake fidia ya kupitisha chochote.

Wajerumani waliweka boma lao Mohoro, upande wa delta. Hapo ndipo Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, aliponyongwa Agosti 1905 vita ya Maji Maji ilipoanza. Baadaye makao ya utawala yalihamia Utete. Huku nyuma, macho ya wahandisi yalikuwa yamekwisha kwenda mbali zaidi, kwenye korongo ambapo mto unabanwa na miamba kabla ya kuingia tambarare. Korongo hilo likapewa jina la Stiegler, Mjerumani ambaye kwa masimulizi yanayorudiwa mara nyingi aliuawa na tembo mwaka 1907.

Waingereza walipochukua nchi, walimtuma Alexander Telford kupima mabonde ya Rufiji na Kilombero. Taarifa yake ilitoka mwaka 1929. Katika miaka ya 1950 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilifanya upimaji mkubwa wa bonde zima, na juzuu zake zikachapishwa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru. Wamarekani wakaleta taarifa yao mwaka 1967, Wajapani mwaka 1968, Wanorwe mwaka 1972 na tena mwaka 1980. Maktaba za Rufiji zilijaa mahesabu ya megawati na hekta za umwagiliaji. Vijiji vya ukingo wa kaskazini, Ngorongo ikiwamo, vilihesabiwa katika taarifa hizo kama eneo ambalo siku moja maji yatazuiwa yasilifikie. Maji ya kunywa ya vijiji hivyo hivyo hayakumshughulisha sana mtu yeyote.

Operesheni Rufiji

Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya. Miezi michache kabla yake, Septemba 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa waraka wake kuhusu ujamaa vijijini, na Serikali ilikuwa inatafuta mahali pa kuutekelezea. Rufiji ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kuhamishwa kwa amri. Zoezi la mwaka 1968 na 1969, lililoitwa Operesheni Rufiji, liliwatoa watu bondeni na kuwapeleka kwenye ardhi ya juu, hasa kando ya njia inayotoka Kibiti na Ikwiriri kwenda magharibi.

Hoja ya Serikali ilikuwa na mantiki. Watu waliotawanyika katika tambarare ya mafuriko hawawezi kufikiwa na barabara, wala shule, wala zahanati. Wakusanywe mahali pamoja palipo pakavu, halafu huduma zote ziwafuate pamoja. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa mpango wa kuratibu miundombinu. Badala ya kupeleka barabara, maji na dawa kwa kila nyumba iliyojitenga, nyumba ndizo zilisogezwa zifuate huduma.

Tatizo lilijitokeza katika mpangilio wa hatua. Watu walihamishwa kwanza, huduma zikaja baadaye, na nyingine hazikuja kwa miaka. Ardhi ya juu ilikuwa salama kwa mafuriko lakini ilikuwa mbali na maji. Bondeni mwanamke alishuka hatua chache hadi ukingoni. Juu alihitaji kisima kirefu, na kisima kirefu kinahitaji mtambo wa kuchimbia, pampu, mafuta na fundi. Mashamba nayo yalibaki kule kule chini, kwa sababu rutuba ililetwa na mto. Basi familia zikagawanyika. Watoto walibaki kijijini kwa ajili ya shule, wakubwa wakashuka bondeni kwa miezi kadhaa kulala kwenye dungu na kulinda mpunga. Watafiti waliofika Rufiji miaka ya 1970 na 1980 walikuta mtindo huo wa maisha mawili umekwisha kuwa wa kawaida.

Somo la kwanza la Rufiji liko hapo. Kuweka watu mahali pamoja hakutoshi kama wenye maji, wenye barabara na wenye kilimo hawajakubaliana nani atangulie. Kijiji cha ardhi ya juu kilitakiwa kuanza na kisima. Kilianza na lori la kuhamisha watu.

Meza moja ya mkoa

Mwaka 1972 Serikali ilibadilisha mfumo. Halmashauri zilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na mpango wa Madaraka Mikoani. Kila mkoa ulipata Mkurugenzi wa Maendeleo, na wahandisi wa maji, wa ujenzi, maofisa kilimo na elimu wakawekwa chini yake. Mwaka mmoja kabla yake ulikuwa umetangazwa mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ulioahidi kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro kubwa. Wananchi walipoteza madiwani wao, na maamuzi yakabaki kwa maofisa. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo halijarudi tena kwa ukamilifu: mhandisi wa maji na mhandisi wa ujenzi walipokea maagizo kutoka kwa bosi mmoja na fedha kutoka katika kapu moja. Mmoja akitaka kukata barabara ili apitishe bomba, mwenzake yuko chumba cha pili.

Mwaka 1975 Bunge likaenda mbali zaidi kwa upande wa Rufiji. Lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, RUBADA. Wazo lilifanana na lile la Marekani la mwaka 1933, pale Rais Franklin Roosevelt alipounda mamlaka moja ya kusimamia Bonde la Tennessee, kuanzia umeme hadi kudhibiti mafuriko. RUBADA ilipewa majukumu ya namna hiyo: kuzalisha umeme wa maji, kuzuia mafuriko, kuendeleza kilimo cha umwagiliaji, uvuvi, misitu, utalii na usafiri katika bonde lenye karibu moja ya tano ya ardhi ya Tanzania Bara.

Kwenye karatasi, hapo ndipo ilipotakiwa kuwa meza ya wote. Kilichotokea ni kwamba mwaka huo huo wa 1975 shirika la umeme, TANESCO, lilianza kuzalisha umeme Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, ndani ya bonde hilo hilo. Bwawa la Mtera likafuata mwaka 1980, na Kihansi ikaja kabla karne haijaisha. Yote yalijengwa kwa fedha ambazo shirika la umeme na wafadhili wake walizitafuta wenyewe. RUBADA ilikuwa na jukumu la kisheria la kuratibu, ila haikuwa na fedha za kumfanya mwingine asubiri. Mradi ambao ungeipa nguvu, bwawa la Korongo la Stiegler, ulisimama miaka ya 1980 baada ya wafadhili kujitoa kwa sababu za gharama na mazingira.

Matokeo ya kukosa mratibu yalionekana juu ya mto kabla ya kuonekana chini. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi baada ya mashamba ya mpunga ya Usangu kupanuka. Mtera na Kidatu zilipungukiwa na maji, na miaka ya 1990 nchi ikaonja mgawo mkali wa umeme. Mwaka 1993 huo huo ndipo ilipoanzishwa ofisi ya maji ya bonde ili kutoa vibali vya kutumia maji. Wakati huo kila mmoja alikuwa amekwisha kujenga chake. RUBADA iliendelea kuishi kwa jina hadi ilipofutwa mwaka 2017.

Barabara ya Kilwa na wapita njia wake

Wakati mipango ya bonde imelala, mambo yalikuwa yakienda mbio kwenye ushoroba wa barabara ya kusini. Kwa miongo mingi aliyetaka kwenda Lindi alisubiri pantoni ya Ndundu. Mto ukifurika, kivuko kilisimama na magari yakapanga foleni kwa siku kadhaa. Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970. Ikwiriri, mji mdogo uliokuwa karibu na mwisho wa safari, ukawa katikati ya njia.

Mwaka uliofuata gesi ya Songo Songo ilifika Ubungo. Gesi hiyo iligunduliwa na kampuni ya Agip ya Italia mwaka 1974, ikangoja miaka 30. Bomba lake linatoka kisiwani, linapanda nchi kavu Somanga, linapita Rufiji na Mkuranga hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 200. Ndani ya mradi huo kulikuwa na kipengele kizuri: vijiji vya kando ya mkuza wa bomba vipewe umeme. TANESCO ilipewa kazi ya kukitekeleza, na kituo kidogo cha kufua umeme kwa gesi kikajengwa Somanga Fungu kuhudumia Kilwa na Rufiji. Lakini bomba lilikuwa la kampuni moja na nyaya za shirika lingine. Gesi ilianza kupita kwa vijiji hivyo muda mrefu kabla taa hazijawaka ndani yake.

Miaka 11 baadaye likaja bomba la pili, kubwa zaidi, la inchi 36, kutoka Mtwara hadi Kinyerezi. Rais Kikwete alilizindua Oktoba 2015. Nalo lilivuka Rufiji, nalo lilihitaji mkuza wake, tathmini yake na fidia yake. Kwa mkulima ambaye shamba lake limepitiwa, wathamini walikuja mara mbili, wakiwa na fomu tofauti, kwa mabomba mawili yaliyobeba kitu kile kile kwenda mji ule ule.

Katikati ya hayo ilitoka Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka mita 22.5 kila upande wa mstari wa kati hadi mita 30, jumla mita 60. Yeyote anayetaka kusimika nguzo, kulaza bomba au kufukia kebo ndani ya eneo hilo sharti aombe kibali kwa mamlaka ya barabara. Sheria ilikuwa ya maana, kwa sababu inampa mtu mmoja haki ya kujua nani yuko chini ya ardhi. Kwa wakazi wa kando ya Barabara ya Kilwa, sheria hiyo ilijulikana zaidi kwa alama ya X iliyopakwa ukutani: nyekundu kwa aliyehesabiwa kuvamia, kijani kwa aliyefuatwa na barabara na hivyo kustahili kulipwa.

Ukirudi Dar es Salaam kwenye mwanzo wa barabara hiyo hiyo, utaona ushirikiano wa wenye huduma unavyokuwa mzito mjini. Mwaka 2019 ilianza kujengwa awamu ya pili ya njia za mabasi yaendayo haraka, kilomita 20.3 za zege, sehemu kubwa ikiwa kwenye Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Kabla ya zege kumwagwa, nguzo za TANESCO, mabomba ya maji na nyaya za simu lazima zihame. Mwenye bomba asipohama, mwenye zege anakaa, na kila siku ya kukaa ina bei yake katika mkataba. Mjini jambo hili halifichiki kwa sababu foleni ya magari inalitangaza. Njia ya Mloka haina foleni. Mtaro uliokatwa na mchimba bomba huko hugunduliwa masika yanapoingia, maji yanapokosa pa kupita na kuondoka na tuta la barabara.

Wakala kwa kila kitu

Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984, na kwa muda mhandisi wa maji na mhandisi wa barabara wa wilaya wakawa tena chini ya paa moja, safari hii mbele ya madiwani waliochaguliwa. Uwezo wao ulikuwa mdogo na lawama zilikuwa nyingi: fedha za barabara kutumika kwingine, visima kufa mwaka wa pili baada ya kuzinduliwa. Serikali ikachagua njia ya kuunda wakala wa kitaifa kwa kila huduma.

TANROADS ilianza mwaka 2000 kwa barabara kuu na za mikoa. Sheria ya nishati vijijini ya mwaka 2005 ikaleta Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Mwaka 2017, mwaka ule ule RUBADA ilipofutwa, ikazaliwa TARURA kwa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2019 ikaja RUWASA kwa maji vijijini. Wilaya nayo iligawanyika, Kibiti ikatoka Rufiji na kupata mkurugenzi wake. Barabara ya kutoka Kibiti kwenda Ngorongo na Mloka ikawa inavuka mpaka wa halmashauri mbili.

Kila wakala, ukiutazama peke yake, una faida. Mhandisi wa TARURA hakatiwi fedha zake zikanunue mafuta ya gari la mkurugenzi. RUWASA inaweza kupeleka mtambo wa kuchimbia kutoka wilaya moja hadi nyingine. REA imesambaza umeme katika maelfu ya vijiji kwa kasi ambayo TANESCO peke yake haikuifikia katika miongo minne. Waliobuni mfumo huu hawakukosea kuona kwamba fedha zilizochanganywa hupotea.

Walichokipunguza bila kukusudia ni ile meza. Tazama kazi moja ya kawaida: kupeleka maji ya bomba katika kijiji cha ardhi ya juu, kama vile vya ukanda wa Ngorongo. Kisima kinachimbwa na RUWASA. Pampu inahitaji umeme, na laini inaletwa na REA, kisha inakabidhiwa TANESCO. Bomba linafuata barabara, ambayo ni ya TARURA au TANROADS kulingana na daraja lake. Eneo la tangi linatolewa na serikali ya kijiji. Kisima kikitangulia umeme, pampu itaendeshwa kwa dizeli au jua, na gharama ya ndoo inabadilika. Umeme ukitangulia bila ramani ya kisima, nguzo zinaishia sokoni na transfoma inakuwa mbali na pampu. Barabara ikichongwa mwisho, greda linang'oa bomba lililolazwa kwa kina kifupi. Ikichongwa mwanzo, mchimba bomba anaikata.

Kalenda nayo haina huruma. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Zabuni zikitangazwa kwa wakati, mkandarasi anafika Septemba au Oktoba, na vuli inabisha hodi. Masika yakianza Machi, njia ya Mloka inakuwa ya matope na vifaa vizito havipiti. Dirisha la kazi kwa wote ni lile lile, miezi michache ya kiangazi, na wote wanatumia njia ile ile moja kufikisha vifaa. Wakipishana kwa wiki kadhaa, mmoja anaharibu kazi ya mwenzake. Wakipishana kwa mwaka, wananchi wanakaa na mradi nusu. Wahenga wa pwani walikwisha kulisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Vikao vya kuwakutanisha vipo. Kuna Kamati ya Ushauri ya Wilaya na ile ya Mkoa, na ipo Bodi ya Barabara ya Mkoa. Wakala huja, huwasilisha taarifa, hupigiwa makofi au huzomewa na waheshimiwa, kisha kila mmoja hurudi kwa mkurugenzi wake wa Dodoma ambaye ndiye mwenye fungu. Kikao kinachoweza kuuliza bila kuweza kuamuru ni RUBADA ya kimo kidogo.

Siku kauli ilipopatikana

Halafu ikaja kazi iliyothibitisha kwamba uratibu hauwashindi Watanzania. Rais Magufuli aliamua bwawa la Korongo la Stiegler, ambalo sasa ni Bwawa la Nyerere, lijengwe kwa fedha za ndani. Tarehe 12 Desemba 2018 ukasainiwa mkataba na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, na Julai 2019 jiwe la msingi likawekwa. Gharama ilikuwa shilingi trilioni 6.5, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Ukuta una kimo cha mita 131.

Eneo lilikuwa pori. Hakuna mkandarasi anayeweza kuanza kazi kubwa namna hiyo bila barabara, umeme, maji na mawasiliano, na mkataba ulitaka Serikali ivipeleke. Basi amri ikashuka. TANESCO ilivuta laini ya kilovolti 33 kutoka Msamvu, Morogoro. TANROADS ilifungua na kuimarisha barabara. Stesheni ya Fuga kwenye reli ya TAZARA iliandaliwa kupokea mizigo. TTCL ilipeleka mawasiliano. Usimamizi wa kihandisi wa bwawa la shirika la umeme ukapewa kitengo cha ushauri cha TANROADS, wakala wa barabara. Wizara ambazo kwa kawaida huandikiana barua zilipewa tarehe, na zikaripoti kwa mtu mmoja.

Mradi wenyewe ulichelewa. Ulitarajiwa kukamilika Juni 2022, lakini Rais Samia Suluhu Hassan alianzisha ujazaji wa bwawa Desemba mwaka huo, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na wa tisa mwaka 2025. Hata hivyo miundombinu ya kutangulia, ile ya kupeleka huduma nne mahali pasipo na kitu, ilifanyika kwa mpangilio ambao vijiji vya Rufiji havijawahi kuupata. Umeme wenyewe unaondoka bwawani kwa laini ya kilovolti 400 kuelekea kaskazini, Chalinze, karibu kilomita 160. Kutoka huko unaingia gridi ya taifa, na mkazi wa Rufiji anaupata ukiwa umezunguka.

Mtihani wa bwawa hilo jipya haukuchelewa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na mapema 2024 zilijaza bwawa, maji yakaachiwa, na Aprili 2024 mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti vilikuwa chini ya maji. Serikali ilieleza kuwa bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikafuata, na barabara ya kusini ikakatika Somanga wilayani Kilwa, Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Ghafla ikaonekana kwamba anayefungua mageti ya bwawa, anayetabiri mvua, anayesimamia maji ya bonde, mwenye barabara na mwenyekiti wa kijiji ambaye watu wake wako kwenye dungu wakilinda mpunga, wote ni watu wa kazi moja. Mafuriko ya sasa yana ofisi, tofauti na yale ya 1968. Maji yanapita mkononi mwa mtu kabla ya kufika Ngorongo, na mtu huyo anaweza kupiga simu.

Hukumu ya historia

Ukiyapanga haya yote kwa mstari, jambo moja linajirudia. Operesheni Rufiji ilikuwa na amri lakini haikuwa na mpangilio wa hatua. Madaraka Mikoani yalikuwa na meza na kapu moja, yakakosa sauti ya wananchi. RUBADA ilipewa sheria nzuri bila fedha. Wakala wa leo wana fedha na utaalamu, hawana wa kuwaambia wasubiri. Bwawa la Nyerere lilipata vyote kwa wakati mmoja, kwa sababu Ikulu ililitaka.

Ikulu haiwezi kusimamia kila kisima, wala hakuna haja ya kufufua RUBADA. Kinachotakiwa ni kidogo kuliko hapo. Bajeti za TARURA, RUWASA, REA na TANESCO kwa wilaya moja zisipitishwe mpaka ramani zao zimewekwa pamoja mbele ya baraza la madiwani, na baraza lipewe nguvu ya kisheria ya kupanga nani atangulie. Barabara inayovuka wilaya mbili, kama hii ya Kibiti hadi Mloka, ijadiliwe na mabaraza yote mawili kwa siku moja. Zabuni zitoke mapema ili kiangazi kisipotee. Na taarifa ya kufungua mageti ya bwawa imfikie mwenyekiti wa kijiji kabla maji hayajamfikia.

Ndugu diwani, na wewe mbunge wa Rufiji na wa Kibiti, kikao kijacho cha bajeti mwombe kila mhandisi aje na ramani yake, na asiyekuja nayo asisomewe fungu. Watu wa Ngorongo walihamishwa mwaka 1968 kwa ahadi kwamba huduma zitawafuata pamoja. Wanayo haki ya kudai ahadi hiyo itimizwe kwa mpangilio.